Kaimati Zisizoliwa

Mama alipokaa eda nilikuwa nahesabu vitu viwili
kwa kalamu moja, katika daftari moja:
siku zake za ndani, na siku za punje zangu.

Kule Tudor, ghorofa ya pili, chini ya kiyoyozi chenye kikohozi,
nilikoroga unga wa mwani na kimeng'enya cha maziwa,
nikautia ule uji kwenye bomba la sindano,
nikaudondosha tone kwa tone
ndani ya maji ya kalsiamu.
Tone likigusa maji, papo hapo laviringana,
lashika ngozi, lazama, latulia.
Mwadime, fundi wangu, akacheka:
"Daktari, si kaimati hizi?"
Ni kaimati. Ila hazina mafuta wala shira,
na aliyemo ndani haonekani.

Jioni nikamweleza mama,
kaketi na nguo nyeupe, bila wanja, bila udi.
Kikiachwa huru, nikamwambia, hufanya kazi mara moja
kisha chaondoka na maziwa, hukioni tena.
Nikikifunga, maziwa ndiyo yapitayo.
Chenyewe kimekaa kitako,
na kila sukari ipitayo mlangoni pake
hukatwa vipande viwili.

Mama akauliza swali
ambalo kamati ya ufadhili haikuniuliza:
"Nacho chajua kwamba kimefungwa?"

Nikanyamaza.
Nyumba yetu ya Kibokoni haikuwahi kupitiwa na watu vile.
Mke wa fundi saa, aliyenuniana na mumewe tangu Mfungo Sita.
Binti ya Bi Shumi, na barua asiyotaka kuifungua.
Mwanamke wa Kisauni tusiyemjua hata jina,
aliyekuja kutoa pole akalia mambo yake mwenyewe.
Waliingia na neno zima, zito.
Walitoka nalo limekatika, labebeka.
Mama hakuinuka mkekani.

Siku ya kumi na tisa punje zikaanza kulegea.
Maziwa ni mgeni mwenye mkono mrefu:
yana chumvi zake zinazonyofoa kalsiamu,
kama mtu anayeng'oa misumari ya mlango
huku anakuamkia.
Nikaenda sokoni kuomba maganda ya kamba.
"Maganda tu? Na nyama nimwachie nani?"
Nikayachemsha kwa magadi makali, nikayachuja;
jengo zima likanuka pwani iliyooza,
na walimu wa hisabati wakaandika barua ya malalamiko,
yenye aya sita, zote sahihi.
Lakini nilipata utando.
Nikazivisha punje zangu, moja moja, kanzu ya kamba.

Siku ya sitini na moja zilikuwa zingali kazini,
kwa nguvu nusu ya ile ya siku ya kwanza.
Hiyo kwetu ina jina, nikamwambia mama: nusumaisha.
"Basi na mie," akasema, "nimekaribia nusu."
Akaangalia mahali ilipokuwa ikitundikwa kofia ya baba.

Nikammiminia chai kutoka chupani.
Miaka kumi na miwili hajanywa ya maziwa;
tumbo lake lilikuwa likinguruma kama jenereta ya msikiti,
baba akinywa yake peke yake, akimwonea haya.
Akaonja. Akaniangalia kwa ukali.
"Ushatia sukari?"
"Sikutia."
"Wallahi?"
Akanywa kikombe, akaongeza nusu.
Tukakaa tukilisikiliza tumbo, sote wawili,
kama watu wanaosubiri simu.
Halikusema kitu.
Hapo ndipo alipolia. Sikumuuliza analilia nini.

Eda ilipokwisha wakamwogesha, wakamfukiza,
wakamtilia asumini kichwani.
Mimi Tudor nilikuwa nimeandika, upande wa punje:
*zimechujwa, zimeoshwa, zatumika tena.*
Upande wake sikuandika kitu.

Alifika mpaka kizingitini, akachungulia njia,
jua likampiga usoni, akafumba jicho moja.
Kisha akarudi akaketi pale pale.

"Kuna mtu anakuja saa kumi," akasema.
"Yale maziwa yako yamebaki?"